Punje Tisini na Tisa

Fundi aliishika kwa ncha ya kibano, akailaza chali juu ya kitambaa cheupe ili niione miguu. Ni minane: minne upande huu, minne upande ule. Alipoigeuza kifudifudi nikasoma maandishi ya mgongoni, X9C103. Chipu yenyewe ni nyeusi, kubwa kidogo tu kuliko punje ya hindi. "Hii ndiyo volyumu yenyewe, mwalimu," akaniambia. "Ile ya kuzungusha nimeing'oa."

Ile ya kuzungusha ilikuwa pembeni, kwenye kifuniko cha kopo, imefumuliwa. Kibanda cha fundi kiko Buyenzi, hapa Bujumbura, si mbali na soko la Ruvumera, katika mitaa ambayo Kiswahili ndicho lugha ya gereji, ya duka na ya baraza ya msikiti. Amplifaya iliyokuwa mezani ni ya kukodishwa harusini. Ilikuwa imeanza kukwaruza: ukiigusa volyumu, spika zinatoa mlio kama mtu anayekanyaga changarawe. Nilimwomba fundi nikae nitazame. Nikakaa siku nzima, na wiki mbili zilizofuata nikawa narudi kila nipatapo nafasi, karatasi za maelezo za kiwanda zikiwa mkononi. Nilizisoma kama ninavyosoma utenzi, mstari kwa mstari, kwa sababu niliona mapema kwamba aliyeitunga chipu hii alikuwa na jambo la kusema kuhusu umbo.

Kazi yangu ni kufundisha fasihi. Kila mwaka wanafunzi huja na haraka ya maudhui: shairi linasema nini, mtunzi anamlaumu nani. Chipu hii haimpi mtu pa kukimbilia. Maudhui yake yanaisha kwa sentensi moja: inapokea volti, inatoa sehemu ya volti hiyo. Kilichobaki chote ni fani.

Tuanze na ya zamani, maana mpya imeandikwa kwa kuitazama ile. Volyumu ya mkono, ambayo vitabu vinaiita potenshiomita, ni utepe wa kaboni uliopindwa kama herufi C. Juu ya utepe huo kinateleza kidole cha chuma ambacho mafundi wanakiita waipa, jina lilelile la ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari. Waipa ikiwa karibu na ncha ya juu, sauti ni kubwa. Ikishuka, sauti inashuka nayo. Utepe ukichubuka au vumbi likiingia, waipa inaruka badala ya kuteleza, na kule kuruka ndiko tunakokusikia kama changarawe. Lakini ina uzuri mmoja ambao nitaurudia: mahali ilipo ndiyo kumbukumbu yake. Ukiutazama mstari mweupe uliochorwa kwenye kizungusho, unajua sauti ilipo hata kabla ya kuwasha umeme.

Sasa miguu minane ya X9C103. Wa 3, wa 5 na wa 6 ndio volyumu ya zamani iliyohamia nyumba mpya: ncha ya juu, waipa, ncha ya chini. Wa 8 unaleta umeme wa volti 5, wa 4 unaurudisha. Inabaki mitatu, na hiyo ndiyo inayopokea amri. Wa 7 unaiambia chipu kwamba sasa inayosemeshwa ni yenyewe. Wa 2 unaonyesha upande, juu au chini. Wa 1 unatoa ishara: kila volti yake inapoanguka, waipa inasogea hatua moja. Msamiati wote basi ni maneno matatu: wewe, upande huu, sasa. Hakuna namba. Huwezi kuiambia nenda kituo cha 40. Unaweza tu kuiambia songa, songa, songa.

Ndani yake hakuna kinachoteleza. Kuna rezista 99, vizuizi vidogo vya umeme, zilizounganishwa moja baada ya nyingine, na vituo 100 ambapo waipa inaweza kusimama: kabla ya rezista ya kwanza, katikati ya kila mbili, na baada ya ile ya mwisho. Jumla ya ukinzani wake ni omu 10,000, kwa hiyo kila moja ina omu mia na moja hivi, ingawa kiwanda chenyewe kinakubali kwamba jumla hiyo inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 20. Nilipoisoma namba hiyo, 99, niliinua macho. Kwenye msumari juu ya meza ya fundi ilikuwa imening'inia tasbihi yake, punje tisini na tisa.

Sitaki kuivuta ibada mahali si pake. Xicor, kampuni ya Milpitas, California, iliyoitunga chipu hii, ilitaka vituo 100, na vituo 100 vinadai rezista 99. Ni hesabu iliyoamua. Hata hivyo kufanana kwa umbo ni kwa kweli, na kulinisaidia kusoma. Mwenye kuvuta tasbihi hana mteremko mkononi, ana punje. Kidole gumba kinakaa juu ya punje hii, kisha juu ya ile, na hakuna nusu punje. Tena mkono uliozoea hauiachii punje ya kwanza kabla haujaigusa ya pili, la sivyo uzi unateleza na hesabu inapotea. Chipu nayo inafanya hivyohivyo: inakishika kituo kipya kabla ya kukiachia cha zamani, na kwa kitambo kidogo mno waipa imeshika vyote viwili. Kama ingeachia kwanza ndipo ishike, kungekuwa na pengo ambamo waipa haijashika chochote, na pengo hilo lingesikika. Njia waliyoichagua ina gharama yake. Ukiisukuma waipa hatua nyingi kwa haraka, vituo kadhaa vinashikwa kwa pamoja na ukinzani wa chipu nzima unapungua kwa muda. Karatasi zinalisema hilo waziwazi.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo nalihesabu miongoni mwa maamuzi mazuri ya utunzi huu. Kifaa chochote kinachohesabu kwa tarakimu kina tabia ya kuzunguka: baada ya kituo cha mwisho kinarudi cha kwanza, na ukishuka chini ya cha kwanza unajikuta kwenye cha mwisho. Fikiria hilo katika ukumbi wa harusi. Mtu anabonyeza kupunguza, anapunguza, anapunguza, mara spika zinalipuka kwa sauti kamili. X9C103 imekatazwa kufanya hivyo. Ikifika mwisho wowote inasimama, hata ukiendelea kuisukuma, kama volyumu ya mkono inavyogota. Hakuna sababu ya kielektroniki ya kugota huko. Imewekwa kwa heshima ya mkono wa mtumiaji, ambao kwa miaka mingi umezoea kwamba chini ni chini na juu ni juu.

Linganisha na chipu ya MCP41010 ya kampuni ya Microchip, yenye omu 10,000 na miguu minane vilevile. Hiyo ina vituo 256 na haiendeshwi kwa hatua. Inatumiwa biti 16: nane za kwanza ni amri, nane za mwisho ni namba ya kituo, kuanzia 0 hadi 255. Huyu ni msimulizi wa aina nyingine. X9C103 inasimulia safari, MCP41010 inataja anwani. Ya pili ina usahihi ambao ya kwanza haina, kwa sababu programu inayoiendesha inajua daima waipa iko wapi, na kutoka kituo cha 10 hadi cha 200 ni tamko moja tu. Lakini umeme ukikatika inasahau kila kitu, na ukirudi inaamka katikati, kituo cha 128, popote ulipoiacha. Kwa mtu wa maabara hilo si neno. Kwa amplifaya ya Bujumbura ni neno kubwa: umeme unarudi saa sita usiku, watoto wameshalala, na katikati ya hesabu, kama tutakavyoona, kuko karibu sana na kilele cha sauti.

Kumbukumbu ndiyo sehemu ya X9C103 niliyoisoma mara nyingi zaidi. Chipu haitunzi kila hatua. Inatunza pale tu unapoagana nayo, na namna ya kuagana ndiyo inayoamua. Mguu wa 7 ukipanda wakati mguu wa 1 uko juu, chipu inakiandika kituo ilipo, na kiwanda kinaahidi kwamba maandishi hayo yatakaa miaka 100. Mguu wa 7 ukipanda wakati mguu wa 1 uko chini, chipu inanyamaza bila kuandika. Umeme ukikatika na kurudi, itaamkia pale ilipoandika mara ya mwisho. Hakuna mguu wa tisa wa kusema "kumbuka". Miguu ni ileile, neno jipya halikuongezwa. Kilichobadilika ni nani ametangulia. Katika ushairi tunasifu mtu anayepata maana mbili kwa kugeuza mpangilio wa maneno yaleyale. Hapa jambo hilo limefanywa kwa nyaya mbili, na maana mbili zenyewe, kutunza na kuacha kutunza, ni nzito kuliko nyingi nilizokutana nazo katika tungo.

Uwezo wa kuacha kutunza una sababu. Kumbukumbu ya aina hii huchakaa kwa kuandikwa, na karatasi zinaahidi mabadiliko 100,000. Programu ya kwanza ya fundi, aliyoiandika kwenye Arduino, bodi ndogo inayosoma vitufe na kuipa chipu amri, ilikuwa inatunza kila mara kitufe kinapobonyezwa. Tukapiga hesabu pamoja: mtu akibonyeza mara 200 kwa siku, ahadi ya kiwanda inakwisha kwa siku 500. Akaibadilisha. Sasa programu inasubiri kidole kitulie sekunde tano ndipo iiamuru chipu iandike.

Siku hiyohiyo umeme ulikatika. Ilikuwa alasiri, kasida ikipigwa kutoka kwenye simu, na mara mtaa mzima ukanyamaza: cherehani ya jirani, feni ya kinyozi, redio tatu. Simu ikaendelea kucheza peke yake bila spika. Tulikaa kama robo saa. Umeme uliporudi, kasida ilitoka kwenye spika kwa kiasi kilekile ilichokuwa nacho, si juu zaidi, si chini zaidi. Fundi alinitazama tu, akarudi kwenye kazi yake.

Ila sifa hiyo ina upande wake. Mwenye amplifaya, mama mmoja wa makamo, alikuja kuona kazi imefikia wapi. Alionyeshwa vitufe viwili, cha kupandisha na cha kushusha. Akapitisha mkono mahali kilipokuwa kizungusho.

"Mwanangu, sasa mimi nitajuaje kama sauti iko chini kabla sijawasha?"

"Utasikia, mama."

"Nikisikia si imeshalia?"

Huo ni uhakiki kamili, na mimi sina cha kuuongeza ila maelezo. Kwenye volyumu ya mkono, kumbukumbu na onyesho ni kitu kimoja: mstari mweupe unakumbuka na papo hapo unaonyesha. X9C103 imevitenganisha, ikakichukua kimoja na kukiacha kingine. Inakumbuka kwa miaka 100, lakini huwezi kuiuliza inakumbuka nini. Miguu mitatu ya amri yote ni masikio, hakuna mdomo. Programu inaweza kuhesabu hatua zake yenyewe, lakini hiyo ni hesabu ya programu, na ikikosea hatua moja hakuna atakayeisahihisha. Niliona fundi ameandika kwenye kipande cha kadibodi: taa ndogo, tano au sita, mstari mmoja. Bado hajaziweka.

Dosari iliyonisumbua kuliko hiyo niliigundua kwa sababu ya inanga.

Wasomaji wa pwani huenda hawaijui. Inanga ya Burundi ni ubao uliochongwa kama chano kirefu, na juu yake zimepitishwa nyuzi, kwa kawaida nane. Mpigaji huiweka mbele yake akaidonoa kwa vidole. Katika namna yake inayojulikana zaidi, haimbi. Ananong'ona. Rekodi ambazo Michel Vuylsteke alizifanya hapa nchini mwaka 1967, zikatolewa na Ocora ya Ufaransa, ziliupeleka mnong'ono huo mbali, na mtafiti Cornelia Fales ameandika juu yake, katika jarida la Ethnomusicology mwaka 2002, akieleza jambo ambalo kila anayesikiliza inanga amelipata bila kulitaja. Mnong'ono hauna noti. Mtu anaponong'ona, nyuzi za koo hazitetemeki, ni pumzi tu inayopita. Hata hivyo ukisikiliza, unasikia sauti inaimba, inapanda na kushuka. Kinachopanda na kushuka ni nyuzi za inanga. Sikio linazichukua noti zao na kuuvika mnong'ono.

Sikio, basi, lina tabia ya kuunganisha vilivyoachana. Chipu inaitegemea tabia hiyohiyo. Kutoka kituo cha 98 hadi cha 99, kwa hesabu zetu, sauti inabadilika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Hakuna sikio litakaloiona ngazi hapo, linasikia mteremko. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifurahi, nikadhani nimepata ulinganifu wa kuandikia makala: mnong'ono usio na noti unaosikika ukiimba, na ngazi isiyo na mteremko inayosikika ikiteleza. Kisha nikaipiga rekodi ya inanga yenyewe kwenye ile amplifaya, usiku, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha jirani.

Kituo cha 1: nyuzi zilisikika kwa mbali, mnong'ono haukuwapo kabisa. Kituo cha 2: kila kitu kilikuwa chumbani, kikubwa mno kwa saa ile. Katikati yake, hakuna kitu.

Sababu iko kwenye ule usawa wa punje. Rezista zote 99 zinalingana, kwa hiyo kila hatua inaongeza volti ileile. Lakini sikio halipimi kwa kujumlisha, linapima kwa mara ngapi. Kutoka kituo cha 1 hadi cha 2 volti inakuwa mara mbili, yaani desibeli 6 kwa mbonyezo mmoja. Kutoka cha 2 hadi cha 3 ni desibeli 3.5. Na ukifika cha 50, katikati ya safari, umebakiza desibeli 6 tu kufika kileleni, ambazo zitagawanywa kwa hatua 49 zilizobaki. Kile ambacho mbonyezo mmoja wa chini unakitumia chote kwa pamoja, nusu nzima ya juu inakitafuna punje kwa punje. Volyumu nzuri za mkono zililijua hili: utepe wao wa kaboni hukorogwa kwa viwango tofauti vya ukinzani, ili mwanzo wa mzunguko uende polepole. Watunzi wa X9C103 walikuwa na heshima kwa mkono, lakini sikio hawakulifikiria, au walidhani chipu itakaa kwenye mitambo isiyosikilizwa na mtu, ya kurekebisha volti na taa. Kwa harusi inatosha. Kwa mnong'ono, umbo lake linashindwa mahali hasa ambapo sanaa hii ya hapa nyumbani inaishi.

Fundi alianza na dawa ambayo mafundi wengi wanaijua: rezista moja ya omu 1,000 kati ya waipa na ncha ya chini. Inaupinda mstari. Kituo cha 50, kilichokuwa desibeli 6 chini ya kilele, kikashuka hadi 17 hivi, na vitufe vikaanza kufanya kazi ya maana katikati. Tukapiga hesabu ya hatua ya kwanza: kutoka desibeli 6 imepungua hadi 5.3. Chini kabisa, pale pa inanga, karibu hakuna kilichobadilika. Zipo chipu zilizotungwa kwa ajili ya sikio, kama PGA2311, inayoshuka kwa nusu desibeli kila hatua na kusubiri wimbi la sauti lipite kwenye sifuri ndipo isogee, ili hatua isisikike kabisa. Hiyo haikuwa mezani kwetu. Mezani palikuwa na hii.

Aliing'oa ile rezista. Siku mbili baadaye alikuwa ameweka rezista nyingine mbili kabla ya chipu, pamoja na swichi ndogo nyuma ya amplifaya. Swichi ikiwa juu, sauti inaingia kwenye chipu nzima kama zamani. Ikiwa chini, inapunguzwa kwanza hadi sehemu moja ya kumi hivi. Nilichukua muda kuelewa alichofanya. Hakuigusa ngazi. Alisogeza nyumba. Kiasi kile cha sauti kilichokuwa kituo cha 1 sasa kiko kituo cha 10, na kutoka cha 10 hadi cha 11 si desibeli 6 tena, ni 0.8.

Tuliirudia rekodi saa tano usiku, mlango umerudishwa, swichi iko chini. Alishusha hadi mwisho, kisha akapanda huku tukihesabu kwa midomo. Kwenye 10, nyuzi. Kwenye 11 na 12, nyuzi na kitu kama pumzi. Kwenye 14 mnong'ono ulitoka chini ya nyuzi ukaanza kuimba. Fundi aliondoa kidole kwenye kitufe, akasubiri sekunde tano, akachomoa waya wa umeme, akauchomeka tena. Mpigaji alikuwa bado ananong'ona, palepale kwenye 14.